Nani Anashika Kitabu cha Stakabadhi?

Masika yakishakolea Mufindi, jua halijachomoza juu ya milingoti, mgema huwa amekwisha kuingia kwenye milanzi, mianzi inayotoa pombe ya ulanzi, nyuma ya nyumba yake. Anafungua mbeta, kile kipande cha mwanzi kilichofungwa kwenye chipukizi lililokatwa ncha, anamimina kwenye dumu kilichochuruzika usiku kucha. Kisha anashika kisu na kukata tena pale pale penye jeraha, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, ili chipukizi liendelee kutoa. Jioni atarudi. Kilichoshuka usiku huo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Kikilala kitakuwa mkangafu, na hapo ndipo wateja wa kilabuni wanapokijia.

Ukimtazama kwa makini utaona kuna machipukizi hayagusi kabisa. Anayapita, ingawa ni manene na yangempa lita nyingi. Hayo ameyaacha yakue yawe mianzi, maana shina likigemwa lote mwaka huu, masika yajayo halina kitu. Hakuna aliyemfundisha hilo kwenye semina. Hakuna bango la kukataza wala askari wa doria kando ya milanzi hiyo. Ni yake, ulanzi wake unauzwa, na fedha inaingia mfukoni mwake jioni ile ile.

Nimeanza na milanzi kwa sababu kila ninaposikia neno ushirikishwaji likitajwa katika mambo ya hifadhi, hapo ndipo akili yangu inapokwenda. Mgololo, huko huko Mufindi, mwisho wa barabara ya kilomita zipatazo 80 kutoka Mafinga, ni mahali pazuri pa kulipima neno hilo. Watu wengi wanapajua kwa ajili ya kiwanda cha karatasi. Kilianza kazi mwaka 1985, kikiwa kimejengwa na serikali kwa mikopo mikubwa kutoka nje, kwa hesabu ya kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Kilisimama katika miaka ya 1990, kikaja kubinafsishwa na kufufuliwa katika miaka ya 2000. Chakula chake ni misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Kwa hiyo mtoto wa Mgololo anakua akijua kwamba mti ni mali, unahesabiwa, unapigwa nyundo ya alama, unapandishwa kwenye lori na mtu analipwa.

Lakini upande mwingine, ardhi ya Mufindi inapoporomoka kuelekea bonde la Kilombero, ipo misitu ambayo haikupandwa na mtu. Ni ukingo wa milima ya Udzungwa, sehemu ya mlolongo wa Tao la Mashariki, wenye mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa yupo kwenye milima hiyo na bonde lililo chini yake tu. Vijito vinavyoanzia kwenye misitu hiyo vinakwenda kulisha mito inayotegemewa na wakulima wa mpunga huko chini na mitambo ya umeme ya Kihansi. Huo ndio urithi wenyewe. Swali langu ni hili: mwanakijiji anayeishi ukingoni mwa msitu huo anauona kama milanzi yake, au kama misindano ya serikali inayopita mbele ya nyumba yake ikiwa juu ya lori?

Jibu linategemea kitu kidogo ambacho hakionekani kwenye picha za makabidhiano ya madawati ya msaada kwa vijiji. Linategemea nani anashika kitabu cha stakabadhi.

Sheria zetu zilikwisha kufungua mlango. Sera ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikuja na usimamizi shirikishi wa misitu, na huo una sura mbili ambazo watu huzichanganya. Sura ya kwanza ni msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji. Kijiji kinaupima, mkutano mkuu unachagua kamati ya maliasili, unapitisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo, halmashauri ya wilaya inazithibitisha, na kuanzia hapo msitu ni wa kijiji. Kijiji kinatoza ada, kinatoza faini, kinakamata magogo ya wizi na kuyauza, na fedha inabaki kijijini. Sura ya pili ni msitu wa serikali ambao vijiji jirani vinaombwa kusaidia kuulinda kwa makubaliano. Hapo mwenye msitu anabaki kuwa serikali, na kijiji kinapewa kazi ya doria pamoja na ruhusa ya vitu vidogo vidogo: kuni zilizokauka, dawa za miti shamba, uyoga, mahali pa kutundika mizinga ya nyuki.

Sura hizi mbili huandikwa ukurasa mmoja kwenye vitabu vya miradi, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ukienda mashambani unaona tofauti kubwa.

Chukua Mfyome, kijiji cha Iringa Vijijini, upande wa miyombo. Mkoa wa Iringa ulikuwa na mradi uliofadhiliwa na Denmark ulioitwa MEMA, yaani Matumizi Endelevu ya Misitu ya Asili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji kadhaa vya huko vilikabidhiwa misitu yao. Mfyome ni kimoja. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, mkaa na kuni za huko zilikuwa zikipanda kuelekea Iringa mjini, na mwanakijiji hakupata chochote zaidi ya vumbi la magari. Baada ya kukabidhiwa msitu, kamati ilianza kuuza vibali. Mchoma mkaa anakuja, analipa kwa gunia, anaandikiwa stakabadhi, anaonyeshwa mahali pa kukata. Mtu wa kuni vivyo hivyo. Watafiti waliofuatilia kijiji hicho kwa miaka waliona mapato yakikua, msitu ukianza kurudi, na fedha ikitumika kwa huduma za kijiji.

Hebu tukisogelee kitabu chenyewe. Ni kitabu cha kawaida cha dukani, kina karatasi mbili mbili na kaboni katikati. Nakala moja anachukua mnunuzi, nyingine inabaki. Yule mnunuzi akikutana na mgambo njiani, karatasi ile ndiyo inayomwokoa. Kamati ikiitwa mbele ya mkutano mkuu, nakala zilizobaki ndizo zinazosema nani alilipa, lini, magunia mangapi. Kitabu hicho kinamgeuza mwanakijiji anayemwona jirani akikata mti kwa siri. Zamani aliona mtu anayejitafutia riziki, akageuza uso. Sasa anaona mtu anayeibia zahanati. Kugeuka huko kwa jicho ndiko ninakokuita ushirikishwaji, na sijawahi kuona semina iliyoweza kukuleta peke yake.

Sasa linganisha na misitu ya ukingoni mwa Udzungwa. Uzungwa Scarp imekuwa msitu wa hifadhi wa serikali tangu enzi za Mwingereza, na siku hizi imepandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa miaka mingi ulinzi wake ulikuwa wa watu wachache mno. Watafiti wa nyani na mbega waliohesabu wanyama huko na kuwalinganisha na wale wa msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, walikuta mbega wa Uzungwa Scarp wamepungua vibaya kwa sababu ya uwindaji, wakati wa Mwanihana wamesimama. Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema: mnaona, askari ndio dawa. Nawaelewa. Nami sidhani kwamba msitu wa thamani ile unaweza kuishi bila askari.

Lakini hadithi ya Mwanihana ina upande wa pili. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi akina mama wa vijiji vya upande wa Kilombero waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sababu za kiikolojia zilikuwepo: kuni iliyooza ni chakula cha msitu, na anayeingia kuokota anaweza kutoka na kilichokatwa. Mashirika yakaleta majiko banifu na miche ya kupanda majumbani, kazi njema kabisa. Ila kwa mama aliyezoea kubeba mzigo wake wa kuni mara moja kwa wiki, kilichotokea ni kwamba uhusiano wake wa mwisho wa halali na msitu ule ulikatika. Tangu siku hiyo, kila akiingia ni mhalifu. Kama ungetaka kumfundisha mtu kwamba msitu haumhusu, ungetafuta njia gani nyingine?

Kwenye misitu ya usimamizi wa pamoja, ile sura ya pili, shida ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilivaa nguo za ushirikishwaji. Vijiji vilihamasishwa, kamati zikachaguliwa, vijana wakaanza doria. Walipouliza mgawanyo wa mapato utakuwaje, jibu lilichelewa. Makubaliano mengi nchini yalikaa miaka bila kutiwa saini na upande wa serikali kwa sababu hapakuwa na uamuzi juu ya nani apate kiasi gani. Kijana anapanda mlima na panga, analala na mbu, anagombana na mjomba wake aliyetega mitego, halafu hana hata karatasi inayosema atapata nini. Miaka miwili ya hivyo, doria inakuwa ya kwenye daftari. Tusimlaumu.

Najua pingamizi litakalofuata, nalo ni la haki. Kitabu cha stakabadhi kinaweza kuibiwa na wenye kijiji wenyewe. Kuna vijiji ambako mwenyekiti na mtendaji waliuza vibali usiku, ambako kamati ilijigawia posho mpaka sanduku likabaki tupu, ambako wenye pesa ya kununua vibali vingi walinufaika na bibi anayeuza uyoga hakuona chochote. Hata kwenye vijiji vilivyofanikiwa, watafiti wamekuta faida kuelemea kwa wenye nafasi. Kijiji kina matajiri na maskini, wenyeji na waliohamia, ukoo wenye sauti na ukoo unaokaa nyuma. Anayezungumza juu ya jamii kana kwamba ni mtu mmoja hajakaa kwenye mkutano wa kijiji ukaisha kwa kelele.

Lakini dawa ya wizi wa kijijini ipo kijijini. Sheria inataka mkutano mkuu uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nimeona jinsi mkutano unavyobadilika siku ambayo kuna fedha ya msitu ya kusomwa. Wanawake wanasogea mbele. Wazee wanaacha kusinzia. Mtu anasimama kuuliza lori la Jumanne lililipiwa wapi. Wizi wa wilayani au wa mkoani haumpi mwanakijiji nafasi hiyo, kwa sababu hajui hata ofisi ya kuulizia iko ghorofa ya ngapi.

Iringa ina funzo jingine upande wa wanyama. Vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga, vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, vilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kujaribu kusimamia wanyamapori wao. MBOMIPA, kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ilianza kama mradi mwaka 1997, na baadaye ikawa jumuiya rasmi ya vijiji 21. Mwanzoni vijiji viliuza mgao wao wa uwindaji na fedha ikaingia moja kwa moja. Kadiri kanuni zilivyoongezeka, fedha nyingi ikawa inapitia kwanza serikali kuu ndipo irudi, na kurudi kwenyewe kukawa kwa kuchelewa. Mkulima wa Pawaga aliyekesha usiku kwa kelele za debe kuwafukuza tembo anaambiwa asubiri mgao. Tembo hasubiri.

Karibu na vijiji hivyo hivyo, mradi wa utafiti wa wanyama walao nyama ulioanza mwaka 2009 ulibuni njia ambayo naiheshimu sana. Vijiji vinapewa kamera za kutega kwenye ardhi yao. Kila mnyama wa porini anayepigwa picha ana alama zake, na simba au mbwa mwitu ana alama nyingi. Alama zinajumlishwa, vijiji vinashindana, na kinachopatikana kinakwenda shuleni, kwenye zahanati na kwenye dawa za mifugo. Simba aliye hai, akipita tu mbele ya kamera usiku, amelipia kitu ambacho mama mwenye mtoto mgonjwa anakihitaji. Hapa kamera inafanya kazi ya kile kitabu cha kaboni. Inaandika kilichotokea kwenye ardhi ya kijiji, na kijiji kinalipwa kwa kilichoandikwa.

Na palipokosekana maandishi ya namna hiyo, au palipokuwa na maandishi yaliyoandikwa na upande mmoja, tumeona matokeo upande wa Mbeya. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka majira ya kiangazi tangu mwaka 1993. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na bonde la Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo wakati huo ikawa na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mto ulihitaji kuokolewa, hilo halina ubishi. Lakini mpaka uliosogea juu ya vijiji vyenye shule na makaburi umeiacha wilaya ya Mbarali na mgogoro ambao umekuwa ajenda ya kila mbunge na kila waziri wa ardhi tangu wakati huo. Watu walioona mpaka ukihamishwa juu yao bila wao kushika upande wa kamba hawataamini mpaka mwingine kwa urahisi, hata ukichorwa kwa nia njema.

Kuna jambo jingine ambalo jamii inalo na halina bei kwenye stakabadhi. Mwaka 2003 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za mnyama aitwaye kipunji. Walipomtafuta wakamwona: tumbili mkubwa mwenye nywele ndefu, asiyeandikwa kwenye kitabu chochote cha sayansi. Mwaka 2004 watafiti wengine wakakutana naye katika msitu wa Ndundulu, huku Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, na jina lake la kisayansi likabeba lile la wanakijiji. Upya wake ulikuwa kwenye maktaba tu. Wawindaji wale walikuwa wakimjua tayari. Mtu mwenye elimu hiyo tukimpa kazi ya kubeba mizigo ya watafiti peke yake, tumeitupa.

Nirudi Mgololo na vijiji vya jirani, kwa sababu kuna jambo ambalo linasubiri pale, nalo ni vinyungu. Wahehe na Wabena wamelima mabondeni majira ya kiangazi tangu zamani: matuta yanainuliwa kwenye udongo wenye unyevu, yanapandwa mahindi, maharage, viazi na mboga, wakati mashamba ya juu yamekauka. Mahindi mabichi ya vinyungu ndiyo yanayolipa ada na madaftari kabla ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au chanzo cha maji. Bonde jembamba la Mufindi lenye kijito katikati linaweza kumalizwa lote na mita hizo 60 za kila upande. Ukiipima kwa kamba, familia haina kinyungu tena.

Wakati huo huo milingoti imepandwa mabondeni na watu wenye uwezo, nayo inanyonya maji mchana na usiku, na kuing'oa ni kazi ya vikao vingi. Mwenye kinyungu anaiona milingoti hiyo kila anapokwenda kumwagilia. Anaposikia mkutano wa hifadhi ya vyanzo vya maji umeitwa, anajua tayari ni jembe la nani litakaloondolewa kwanza.

Kijiji kingeweza kuanza hapo. Kikapima bonde moja na wenye vinyungu wakiwemo, wakakubaliana wapi pa kuacha na wapi pa kulima, milingoti ikatoka kabla ya maharage, na watumiaji wakubwa wa maji walio chini wakachangia kwa kijiji kilicho juu, kwa stakabadhi, kiasi kinachosomwa mkutanoni. Msitu wa asili uliobaki kwenye ardhi ya kijiji ukatangazwa kuwa wa kijiji, mizinga ikatundikwa, asali ikauzwa kwa jina la msitu huo. Kwenye hifadhi ya serikali, makubaliano yakasainiwa na pande zote mbili kabla kijana wa kwanza hajatumwa doria. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa lolote kati ya haya.

Afisa atakayekwenda kuitisha mkutano huo wakati wa masika asiuweke asubuhi. Saa tatu watu bado wako kwenye milanzi. Awaache wamalize kumimina mbeta, wakate tena machipukizi, wauze mtogwa wa siku hiyo, ndipo wakutane. Na akija, aje na kitabu kipya cha kaboni, amkabidhi mweka hazina wa kijiji mbele ya watu wote, kabla hajafungua kikao.